Jigi za kuvulia samaki wa mwambani: kisu, bapa, inchiku au kichwa cha risasi?

Chukua jigi mbili (jigi ni chambo bandia cha madini ya risasi) za gramu 150, moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na pana, uziachie pamoja kwenye maji ya mita 50. Nyembamba itazama imenyooka, mkia mbele, na mshipi utakimbia kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) mpaka risasi igonge mwamba. Pana italala ubavu, itayumba huku na huku, na itafika kwa kuchelewa. Uzito ni uleule, madini ni yaleyale. Kinachozitenga ni namna zinavyoshuka. Kwa anayemtafuta chewa, changu au kungu, namna hiyo ya kushuka ina uzito kuliko rangi, kuliko jina la aliyeitengeneza, na siku nyingine kuliko ustadi wa mkono unaoichezesha.

Sababu iko kwa samaki wenyewe. Chewa si mkimbiaji. Hukaa mdomoni mwa pango lake akisubiri, na kitu kikipita karibu hufumbua kinywa ghafla akakifyonza pamoja na maji, kisha hugeuka kurudi ndani. Changu hutafuta kaa, kamba na konokono kwenye mchanga na changarawe zinazouzunguka mwamba, mdomo chini. Kungu na jamaa zake huelea kwa makundi mita kadhaa juu ya mwamba, na katika hao watatu ndio wepesi zaidi wa kupanda kufuata kitu. Kwa hiyo sehemu ya safari ya jigi yenye faida ni mita tano za mwisho, au kumi ukiwakuta kungu. Ukivua juu zaidi ya hapo utawapata kolekole na mzia, ambao hakuna wa kuwakataa, ila sio walioletewa jigi hii.

Basi ukisimama mbele ya kisanduku chako jiulize: ipi kati ya hizi itakaa muda mrefu zaidi ndani ya mita hizo tano, kwa maji ya leo, bila kubaki huko?

Kisu na bapa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu dukani zote mbili zinaitwa jigi, na zikiwa ndani ya pakiti zinafanana.

Kisu ni ile ndefu. Uzito wake mwingi uko mkiani, na imeundwa kwa mwendo wa kasi: pigo moja la fimbo kwenda juu, mzunguko mmoja wa rili, pigo, mzunguko, bila kupumzika, jigi ikipanda kwa kurukaruka mfano wa kisamaki kinachokimbia. Huo ni uvuvi wa kolekole na jodari. Kwa samaki wa chini, kisu kina sifa moja ambayo hakuna mwenzake anayeifikia, nayo ni kukata maji. Mkondo ukiwa mkali, jigi pana hubebwa, mshipi hulala, na hujui tena kama uko juu ya mwamba au umeshauacha nyuma. Kisu hufika.

Tatizo linaanza baada ya kufika. Ukikipiga kwa kasi iliyokusudiwa na mtengenezaji, mapigo matano tu yanakitoa kabisa kwenye eneo la chewa. Tena kwa kuwa kinatua kwa mkia, kinapenda kupenya kwenye nyufa. Dawa yake ni kukinyima ile kasi yake. Kikigusa chini, kinyanyue papo hapo mita moja, piga mapigo mafupi matatu ya robo mzunguko, kiache kishuke tena, rudia mara mbili tatu, kisha kipandishe mita kumi na ukiachie upya. Kisu kinachotumiwa hivi huvua chewa vizuri, hasa kwenye ukingo ambako mwamba unakatika ghafla kwenda kwenye kina.

Bapa ni mtoto wa mtindo wa polepole uliotoka Japani. Ni pana, fupi kidogo, pande zake mbili mara nyingi hazilingani, na uzito wake uko karibu na katikati. Anayeifanyisha kazi si mkono, ni fimbo. Zungusha rili robo au nusu mzunguko: fimbo laini inapinda kwa uzito wa jigi, halafu inajinyoosha yenyewe na kuiinua. Inapomaliza kujinyoosha, mshipi unalegea kwa nukta moja, jigi inageuka ubavu na kuanza kuanguka ikipepea kama jani kavu. Hapo ndipo samaki anapokula. Si inapopanda, bali inaposita juu au inapoanza kudondoka. Ndiyo maana mvuvi wa bapa huutazama mshipi kuliko ncha ya fimbo. Mshipi uliokuwa unashuka ukasimama kabla ya wakati wake una samaki, hata kama mkononi hujahisi kitu.

Kipimo cha mzunguko hubadilishwa kwa kumfuata samaki. Kwa chewa aliyezubaa, robo inatosha, na mapumziko yawe marefu. Kwa changu, nusu. Kwa kungu walioelea juu, mzunguko mzima, huku ukipanda nao mpaka mita kumi kutoka chini. Kuna pia mwinuo mrefu: fimbo inanyanyuliwa taratibu hadi juu, kisha inashushwa haraka ili mshipi ulegee kabisa na jigi ianguke mita mbili tatu bila kuzuiwa. Huo utunze kwa wakati ambapo mengine yote yamekataliwa.

Bapa ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni mshipi kuwa wima au karibu na wima. Ukishalala sana, fimbo inaivuta jigi kwa ubavu badala ya kuiinua, na ule mdondoko uliokufanya uichague unakufa. Sharti la pili linahusu fimbo yenyewe. Fimbo za mtindo huu zimetengenezwa kuichezesha jigi, hazikutengenezwa kushindana na samaki. Chewa mkubwa akila, elekeza fimbo chini kuufuata mshipi na umvute kwa rili. Anayeisimamisha fimbo juu na kuipinda kwa nguvu ataipasua, au atampa chewa zile sekunde chache anazozihitaji kurudi pangoni.

Kati ya hizi mbili mimi naweka bapa mbele, wala si kwa tofauti ndogo. Katika muda ambao kisu kimepanda na kuondoka, bapa bado inadondoka na kuinuka mbele ya lile pango. Kisu nakihesabu kuwa zana ya siku za maji makali. Kuna maumbo ya katikati, marefu kidogo na bapa kidogo, na wauzaji huyasifu kwamba yanafanya kazi zote. Yanafanya, ila kila kazi nusu.

Inchiku na kabura

Hizi nazo asili yake ni Japani, na zinadharauliwa bure kwa kuwa hazina mbwembwe.

Inchiku ni kipande cha risasi chenye umbo la samaki mdogo, na chini yake inaning'inia sketi ya mpira ya umbo la pweza iliyoficha ndoana mbili juu ya kamba fupi. Kuichezesha ni rahisi mno: ishushe, iguse chini, inyanyue nusu mita, iache irudi, ngoja, inyanyue tena. Au ivute polepole mita tano na uirudishe. Sketi inafunguka na kufunga yenyewe hata mkono ukiwa umetulia. Pweza na ngisi ni windo la kawaida la chewa, kwa hiyo hakuna haja ya kumshawishi sana.

Faida yake ya pili haionekani mpaka samaki awe ameshanasa. Ndoana zimetengana na risasi. Samaki anapotikisa kichwa hawezi kuutumia uzito wa jigi kuing'oa ndoana, kwa kuwa risasi inacheza upande wake na ndoana upande wake.

Kabura ni ndugu yake: kichwa cha duara kinachoteleza kwenye mshipi, nyuma yake nyuzi na vijikanda vya mpira, na ndoana ndogo zilizo kali sana. Hii haichezeshwi kabisa. Inashushwa, na ikigusa tu inaanza kuvutwa kwa mwendo mmoja usiobadilika, polepole. Changu na kungu huifuata wakiidonoa mkia, na ukisikia wanadonoa usifanye lolote. Endelea kuzungusha rili kwa mwendo uleule mpaka fimbo ipinde yenyewe. Kwa aliyezoea mshipi wa mkono, ambao kila mdono hujibiwa kwa mkwanyuo, hii ni adhabu. Lakini ukikwanyua unaunyofoa mpira kinywani mwake, na kundi zima linatawanyika.

Nikizilinganisha na bapa: maji yakisimama kati ya kujaa na kupwa, samaki wakiwa wamelala, inchiku inashinda. Chini kukiwa na mchanga na changarawe na unayemtaka ni changu, inchiku au kabura zinashinda tena, kwa sababu zinaishi pale anapotazama. Mkondo ukianza kutembea na samaki kuchangamka, bapa inachukua nafasi. Na kwa mtu anayeanza leo, asiye na fimbo maalumu, inchiku ndiyo jigi pekee kati ya hizi ambayo ningempa bila maelezo marefu. Hata kwa mshipi wa mkono inafanya kazi.

Udhaifu wake ni kikande, yule samaki wa meno makali. Kikande akiigundua sketi ya mpira, utaipandisha ikiwa imebaki vipande.

Kichwa cha risasi chenye mkia wa mpira

Kwa maji mafupi, tuseme chini ya mita 25, usiiache nyumbani. Kichwa cha gramu 20 hadi 60, ndoana moja iliyotazama juu, na mkia laini unaotikisika. Kwa kuwa ndoana inatazama juu, hupita juu ya mawe ambako nyingine zingeshanasa. Nzuri zaidi ni kuirusha mbali kuelekea sehemu fupi ya mwamba na kuirudisha kwa kuirukisha ngazi kwa ngazi kufuata mteremko. Kina kikiongezeka inakuwa nyepesi mno au kichwa kinakuwa kikubwa mno, na vikande wanaila kuliko inchiku.

Kwa anayetaka kuziona pamoja:

| Jigi | Inavyoshuka | Maji yake | Inapokukwamisha |
|---|---|---|---|
| Kisu | haraka, mkia mbele | mkondo mkali, kina kirefu | nyufa. Huondoka chini mapema |
| Bapa | polepole, ubavu | mkondo wa wastani, mshipi wima | upepo ukikisukuma chombo |
| Inchiku, kabura | wima, bila mbwembwe | maji yaliyosimama au mepesi | vikande |
| Kichwa cha risasi | inavyotaka | mafupi, ya kurushia | kina |

Uzito

Gramu tatu kwa kila mita ya kina ni mahali pa kuanzia. Mita 40, gramu 120. Maji yakiwa yametulia shuka mpaka mbili kwa mita, na kwenye mkondo wa bamvua unaweza kufika tano. Kipimo cha kweli lakini hakiko kwenye hesabu hiyo. Shusha jigi iguse, inyanyue mita mbili, ishushe tena. Ukiweza kuuhisi mwamba mara tatu mfululizo kwa kuachia mshipi kidogo tu kila mara, uzito unafaa. Ukiuhisi mara ya kwanza halafu ukapotea, ongeza. Ikitua kwa kishindo na kujikita kabla hujaanza kuzungusha, punguza. Wengi hukosea upande wa uzito mwingi, kwa kuogopa kutofika chini, na jigi nzito mno huua ule mdondoko walioununua.

Kabla ya kuongeza uzito, angalia mshipi. Uzi wa kusukwa wa namba 2 (kipimo cha Kijapani cha unene) una unene wa karibu milimita 0.23, na nailoni ya nguvu ileile ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mkondo hausukumi jigi tu, unausukuma mshipi wote ulio majini. Tena nailoni hunyumbuka: kwenye mita 60, robo mzunguko wa rili inaishia njiani na jigi haijui kama umefanya kitu. Kwa bapa, uzi wa kusukwa ni lazima. Mbele yake funga mita tatu hadi tano za mshipi mnene wa fluorokaboni, plastiki ngumu, kwa kuwa uzi wa kusukwa ukigusa tumbawe hukatika mara moja.

Tangsteni? Ujazo mmoja wa tangsteni una uzito mara 1.7 ya risasi, kwa hiyo jigi ya uzito uleule huwa ndogo kwa zaidi ya theluthi na huzama haraka. Kwenye mkondo ni raha. Ila ni ghali, na mwamba wenye mapango huchukua jigi bila kuuliza bei yake. Mimi natumia risasi kwenye mawe na tangsteni kwenye changarawe. Ukimaliza kushika risasi, nawa mikono kabla ya kula, na usiibane kwa meno.

Ndoana

Zile za ncha tatu zitoe, zote, kabla hujaondoka pwani. Kwenye mwamba zinanasa kila mshuko. Weka ndoana mojamoja zilizofungwa kwenye kamba fupi ngumu, zining'inie kwenye pete ya juu, pale mshipi unapofungwa. Mdomo wa ndoana uwe mpana kuliko jigi yenyewe, la sivyo ncha inajificha nyuma ya risasi na samaki anauma chuma akaondoka. Bapa nyingi huuzwa na ndoana mbili juu na mbili chini. Kwenye mchanga ziache zote nne. Kwenye matumbawe toa za chini, na zilizobaki zisifike nusu ya urefu wa jigi.

Jigi ikinasa, usivute. Kuvuta kunaikaza. Legeza mshipi, utikise kwa mapigo mafupi, kisha chombo kirudi upande kilikotoka na uvute kwa pembe nyingine. Ikishindikana, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti na ukate kwa huo mti. Uzi wa kusukwa uliozungushiwa kiganja hukata nyama.

Rangi, kwa kifupi

Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea majini, na kufika mita 50 karibu kila kitu kinaonekana cha samawati au kijivu. Kinachobaki ni mng'ao, kivuli, na ile rangi inayohifadhi mwanga na kuwaka gizani. Ya fedha moja, yenye mistari inayowaka moja. Pesa zinazobaki zitumie kununua uzito tofauti.

Akishakula

Mita tano za kwanza ndizo vita yote kwa chewa. Breki ya rili iwe imekazwa kabla hujashusha, kwa sababu hutapata nafasi ya kuikaza baadaye. Zungusha bila kusimama mpaka atoke kwenye mawe, ndipo upumue. Akiwahi pango, kuvuta hakusaidii, maana ameshatanua mapezi na matamvua humo ndani. Legeza mshipi kabisa, subiri dakika kadhaa, na mara nyingine utauona unaanza kutembea wenyewe.

Ukimtoa kutoka mita 30, amepanda kutoka mgandamizo mara nne ya ule wa juu, na hewa ya kibofu chake imetanuka kwa kiasi hicho. Mdogo unayetaka kumrudisha mara nyingi hataweza kuzama kwa nguvu zake. Mfunge mdomoni ndoana iliyosagwa kile kijino chake cha kuzuia samaki asichomoke, iliyogeuzwa juu chini na kuwekewa chubwi, umshushe hadi chini, kisha ukwanyue atoke. Na kwa chewa fikiria pia upande wa pili: wengi wa jamii hii huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakua, kwa hiyo mwamba uliomalizwa wakubwa wake hubaki bila madume.

Ununue zipi, ushushe ipi kwanza

Kwa mwamba wa kati ya mita 30 na 60: bapa mbili, ya gramu 100 na ya gramu 180, inchiku moja ya 120, na kisu kimoja cha 200. Pesa zikitosha mbili tu, bapa ya 180 na inchiku.

Ukifika juu ya mwamba, kwanza tazama chombo kinakwenda wapi na kwa kasi gani. Kikisukumwa na upepo, rushia jigi mbele ya mwendo, upande wa demani (unakoelekea upepo), ili ikifika chini chombo kiwe kimeifikia na mshipi umesimama. Upande wa joshi (unakotoka upepo) mshipi unaachwa nyuma tangu mwanzo, na hapo bapa haina kazi. Anza na bapa ya uzito wa wastani, nusu mzunguko, mita kumi za chini. Kungu wakiwepo watajitokeza mapema. Ukipita mara mbili bila mdono, shuka kwenye robo mzunguko na usipande zaidi ya mita tano. Bado kimya? Badilisha iwe inchiku kama mshipi uko wima, au kisu kama umelala. Maji yakisimama, usifunge virago. Weka inchiku, uisogeze polepole kwenye changarawe pembeni ya mwamba, pale changu anapotafuta chakula.